Nauliza swali, watu wanasikia taarifa. Hii lafudhi yangu ya Kigogo imekaaje?

Mzabibu_Hombolo

Wakuu, heshima kwenu. Mbukwenyi kwa wale wa nyumbani.

Nina jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa, na limeshanigharimu kreti nne. Mimi ni mchuuzi wa zabibu. Nanunua kwa wakulima wa Hombolo na Mpunguzi hapa Dodoma, napakia kwenye basi pale stendi ya Nanenane, wateja wangu wanapokea Morogoro na Dar. Huu msimu wa Agosti na Septemba ndio wenyewe, kwa hiyo simu haitulii.

Jumanne ya wiki juzi nilikuwa sijui kama mzigo umeshushwa stendi ya Msamvu, Morogoro, au umepitilizwa. Konda hapokei. Nikamtumia ujumbe wa sauti mteja wangu, mama mmoja wa Morogoro ninayemheshimu sana: "Mama, mzigo umefika." Hapo nilimuuliza. Mwenyewe najua niliuliza. Yeye akasikia ninamwambia. Akaacha kibanda chake, akapanda bodaboda mpaka Msamvu, akakaa juani saa mbili na nusu. Kumbe basi lenyewe limekufa Gairo. Zabibu zilipofika jioni zilishaanza kutoa maji, kreti nne za chini zikawa za kutupa. Mama wa watu akanipigia, na kwa upole ule unaouma kuliko tusi akaniambia: "Mwanangu, kama huna uhakika usiwe unanihakikishia."

Nikausikiliza tena ule ujumbe. Nasikia swali safi kabisa. Nikampa mke wangu asikilize bila kumdokeza kitu. Yeye ni Msambaa wa Lushoto, tulikutana Tanga. Akasema, "Unamwambia mzigo umefika." Nikasema hapana, namuuliza. Akacheka mpaka akakaa chini. "Ndiyo maana ukifika mlangoni unasema 'chai ipo' mimi nanyamaza. Siku zote nadhani unanipa taarifa." Miaka saba ya ndoa, wakuu!

Sasa historia fupi. Nimezaliwa Mvumi. Nyumbani kwetu Kigogo mwanzo mwisho, Kiswahili nimekikuta darasa la kwanza. Baadaye nikakaa Tanga miaka sita, nikiuza duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, barabara ya 9. Kule walinichoka kwa utani. Kuna fundi alikuwa anaingia dukani hana hata shida ya kununua, anataka tu niseme "misumari ya inchi nne" acheke aondoke. Anasema naongea kama mtu anapanda ngazi na kushuka. Hilo sikuona tabu.

Kilichonichanganya ni kurudi nyumbani, 2021. Mama yangu mzazi anasema Kigogo changu kimeharibika. Maneno ninayo yote, hakuna neno linalonipotea. Anasema naongea Kigogo kama mtu anayesoma tangazo msikitini. (Mama ni Mwanglikana, sijui hayo matangazo ya msikitini aliyasikia lini.) Kwa hiyo nikiongea Kiswahili naambiwa nina Kigogo, nikiongea Kigogo naambiwa nina Kiswahili. Mimi wa wapi?

Na kuna huyu mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 6, kazaliwa na kukulia Nkuhungu. Kigogo chake ni "mbukwa" basi. Wazazi wake wanaongea naye Kiswahili tu, ila bibi yake yuko pale kila siku. Akiongea Kiswahili anapandisha na kushusha kama bibi yake mtupu. Kaitoa wapi sauti ya lugha asiyoijua?

Wenye elimu ya haya mambo nisaidieni. Sitaki kuambiwa "jitahidi tu kuongea vizuri". Naomba kuwasilisha.

---

Konda_Mstaafu

Pole mkuu. La konda kutopokea simu tuachie wenyewe, basi likiharibika unapigiwa na watu arobaini.

Ila unachosema ni kweli kabisa. Nimepiga njia ya Dodoma, Singida, Mwanza miaka 14. Usiku, taa zimezimwa, mtu wa nyuma anasema "shusha" tu, neno moja, nishajua kama ni Mgogo, Mnyaturu au Msukuma. Sijakosea mara nyingi. Uso sijauona, jina simjui.

Ushauri wangu: andika meseji, weka alama ya kuuliza. Yamekwisha.

---

Mzabibu_Hombolo

Asante mkuu. Wateja wangu ni watu wa sokoni, mikono imelowa, wanataka kusikiliza huku wanapanga nyanya. Meseji wanaisoma usiku.

---

Mwana_Isimu

Swali zuri. Wengi humu wanadhani lafudhi ni kuchanganya r na l, au kusema "chi" pahala pa "ki". Hayo ni matamshi ya sauti mojamoja. Wewe unazungumzia kiimbo, yaani mwendo wa sauti kupanda na kushuka katika sentensi nzima.

Lugha nyingi za Kibantu zina toni. Kigogo kina toni, Kirangi, Kinyaturu, Kisukuma, hata Kisambaa cha shemeji yetu. Maana yake kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno, kama ilivyo herufi. Kiswahili kilishapoteza toni. Kimebaki na mkazo, na karibu siku zote unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho: za-BI-bu, m-ZI-go, u-me-FI-ka. Kwa kuwa sauti haina tena kazi ya kutofautisha maneno, Kiswahili kimeipa kazi nyingine.

Moja ya kazi hizo ndiyo iliyokula kreti zako. Kiswahili hakipangui maneno ili kuuliza swali la ndiyo au hapana. "Mzigo umefika" ya taarifa na "Mzigo umefika?" ya swali ni maneno yaleyale kwa mpangilio uleule. Usipotia "je", mzigo wote wa swali unabebwa na kiimbo. Kwenye taarifa sauti huteremka taratibu kama maji kwenye mfereji, silabi ya mwisho karibu inazama. Kwenye swali, sentensi nzima hukaa juu zaidi, ule mteremko unazuiliwa, ile "fi" inanyanyuliwa, ndipo "ka" inaanguka. Tofauti ni ndogo sana. Ukikosa kunyanyua "fi" kiasi cha kutosha, umeshatoa taarifa.

Sasa mtu aliyelelewa kwenye lugha ya toni anakuja na kanuni zake za lini sauti ipande. Na sio kila lugha duniani inauliza kwa kupandisha. Mwanaisimu wa Ufaransa, Annie Rialland, mwaka 2007 alichapisha uchunguzi wa namna lugha nyingi za Afrika zinavyouliza. Alionyesha kuwa zipo lugha, hasa Afrika Magharibi, ambazo swali hushuka, au irabu ya mwisho huvutwa, au sauti hulegea ikaishia kama pumzi. Mwenye lugha hiyo akiuliza, mgeni anasikia mtu aliyechoka anayesema jambo.

Hilo la mama kusema Kigogo chako kimeharibika usilipuuze, kwa sababu linajulikana. Ineke Mennen alichapisha mwaka 2004 utafiti wa Waholanzi watano waliokijua Kigiriki kwa kiwango cha juu sana. Alipima kilele cha sauti kinaangukia wapi kwenye neno, maana Kigiriki kinakichelewesha kuliko Kiholanzi. Wanne kati ya watano walikuwa na Kiholanzi kwenye Kigiriki chao, hilo linatarajiwa. La ajabu ni kwamba Kiholanzi chao, lugha ya mama, nacho kilikuwa kimeshavutwa kuelekea Kigiriki. Mmoja tu ndiye aliyekuwa na vyote viwili sawasawa. Kwa hiyo mama yako hajakuonea. Miaka sita ya kuuza misumari Ngamiani haikupita bure.

Ya mpwa wako nitarudi, naitwa.

---

Mwinyi_Barabara_ya_9

Aisee, duka gani hilo barabara ya 9? Huenda mimi ndiye fundi mwenyewe.

Kaka usituchukie. Na sisi tukija huko mnatuambia tunavuta maneno kama tumelala. Mara ya kwanza nafika Dodoma kumfungia mtu mabati mtaa wa Kisasa, mama mwenye nyumba kanisikiliza halafu kamwambia mwanawe, "Huyu fundi anaumwa?" Mimi mzima wa afya, naongea kwa raha zangu za Tanga.

---

Mzabibu_Hombolo

Hahaha! Fundi, kama ni wewe una deni la msumeno.

---

Mwalimu_wa_Kondoa

Shikamoo kwa wakubwa, marahaba kwa wadogo. Nimefundisha Kiswahili shule za msingi miaka 31, mimi ni Mrangi.

Nina dhambi ya kuungama hapa. Shule moja niliyoanzia kazi, ambayo sitaitaja, ilikuwa na kibao. Mtoto akisikika akiongea lugha ya nyumbani anavalishwa shingoni, anatembea nacho mpaka amnase mwenzake. Maneno ya Kirangi yaliisha kweli pale uwanjani. Ila sauti haikwisha! Tulikuwa tunasimamisha watoto mstarini wanasema "Shikamoo mwalimu" kwa pamoja, na mstari mzima unapanda na kushuka Kirangi kitupu. Hakuna kibao cha kumvalisha mtoto kwa sababu ya kiimbo. Hata sisi walimu tuliokuwa tunaadhibu tulikuwa nacho hichohicho.

Somo la mkazo nilikuwa nalifundisha kwa neno moja, barabara. Ukikaza "ba" ya pili kutoka mwisho, ba-ra-BA-ra, ndiyo njia ya magari. Ukikaza inayotangulia, ba-RA-ba-ra, maana yake sawasawa kabisa. Watoto wa mjini wanalipata siku hiyohiyo. Wale wa vijijini wanaipata tofauti kwa masikio, wakifungua mdomo inatoka ya tatu ambayo haimo kwenye kitabu. Nilikuwa nawachapa. Sasa nasoma maelezo ya Mwana_Isimu naona nilikuwa nachapa watoto waliokuwa na kitu cha ziada.

Nikuulize mchuuzi. Ukiwa na hasira, au umestuka, inatoka sauti ipi?

---

Mzabibu_Hombolo

Mwalimu, shikamoo. Nikiwa na hasira mke wangu anasema haelewi hata kama naongea Kiswahili.

---

Binti_Kwamtoro

Mie Msandawe, nimesoma uzi wote kimyakimya ila hapa kwa mwalimu nimeshindwa.

Sisi lugha yetu ina vidoko, zile sauti za kugonga ulimi mdomoni, pamoja na toni, na haina undugu na Kibantu. Watu wakijua wewe Msandawe wanataka uwapigie kidoko, kama huyo fundi na misumari yake. Hakuna aliyewahi kunisikia na kidoko kwenye Kiswahili, vile vinakaa nyumbani vyenyewe. Mimi kinachonifichua ni sauti tu. Nilikuwa nafanya kazi kaunta kwenye ofisi moja mjini, siitaji. Bosi akaniita akaniambia wateja wanalalamika nawajibu kwa ukali. Nikashangaa, maneno yangu ni "karibu", "subiri kidogo", "jaza hapa". Akaniambia sio unachosema, ni unavyosema. Nililia siku ile. Ile "jaza hapa" nyumbani kwetu ni maneno ya upole kabisa.

Kwa hiyo mchuuzi, wewe umepoteza kreti nne. Mimi nilihamishwa nikapelekwa masijala, kwenye mafaili, ambako hakuna mtu wa kumjibu.

---

Konda_Mstaafu

Pole dada. Hii sasa si utani tena.

---

Mwana_Isimu

Binti_Kwamtoro umegusa penyewe. Mtu akikosea sauti ya herufi, msikilizaji anajua ni mgeni wa lugha, anamsamehe. Akitofautiana kiimbo, msikilizaji hasikii ugeni, anasikia tabia. Ana kiburi, ana ukali, hana uhakika, anadanganya. Hata mama wa Morogoro hakusema "huyu Mgogo kauliza kwa Kigogo". Alisema huyu kijana ananihakikishia asichokijua.

Haya, mpwa. Mtoto anaanza kuokota kiimbo kabla ya maneno, tena mapema mno. Mwaka 2009 Kathleen Wermke na wenzake walichapisha kazi kuhusu vilio vya watoto wachanga 60, nusu Wafaransa na nusu Wajerumani, wenye umri wa siku chache tu. Vilio vya Wafaransa vilielekea kupanda, vya Wajerumani vilielekea kushuka, kama lugha za mama zao zinavyofanya. Walizisikia tumboni. Sasa mpwa wako ana miaka 6 na bibi yuko pale kila siku. Bibi akiongea naye Kiswahili, Kiswahili hicho kina mwendo wa Kigogo. Mtoto hana haja ya kujua Kigogo ili aupate, anaupokea ndani ya Kiswahili chenyewe.

Mfano mkubwa wa jambo hili uko Argentina. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 Waitaliano walimiminika Buenos Aires kwa wingi wa kutisha. Leo wajukuu zao wanaongea Kihispania, Kiitaliano wengi hawakijui. Mwaka 2004 Laura Colantoni na Jorge Gurlekian walipima Kihispania cha mji huo, wakakuta vilele vya sauti vinakuja mapema na sentensi inaporomoka mwishoni kwa namna inayofanana na Kiitaliano, hasa cha Napoli, tofauti na Kihispania cha kwingine. Lugha imeondoka, mwendo wake umebaki mjini. Na leo hakuna Mwajentina anayesema hiyo ni lafudhi ya kigeni. Ndiyo yao.

Kuna pia kazi ya Robin Queen, 2001, juu ya watoto wa Kituruki waliokulia Ujerumani. Wale walikuwa na namna mbili za kupandisha sauti, moja ya Kijerumani na moja inayonukia Kituruki, na wanazitumia kwa kazi tofauti ndani ya mazungumzo yaleyale. Kwa hiyo usimhesabu mpwa kama mtoto aliyeharibikiwa. Huenda ana vifaa viwili ambapo wenzake wana kimoja.

Ukitaka kuona kwa macho, pakua programu ya bure iitwayo Praat, ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Ingiza ule ujumbe wako, itakuchorea mstari wa sauti. Kisha mwambie shemeji aseme sentensi ileile akiuliza. Weka mistari miwili sambamba, angalia "fi". Halafu mrekodi mama akiuliza jambo kwa Kigogo, kuuliza kwelikweli, asijue anarekodiwa kwa ajili ya swali.

---

Mwinyi_Barabara_ya_9

Yote hayo kwa sababu ya "je". Si aseme "je" tu?

---

Mzabibu_Hombolo

Fundi, nani kijijini au sokoni anasema "Je, mzigo umefika"? Huyo ni mtangazaji wa taarifa ya habari. Nimejaribu siku moja, mteja akaniuliza kama naumwa.

Ninachofanya sasa ni "Eti mama, mzigo umefika?" Hiyo "eti" inanitangulia kama king'ora, anajua swali linakuja, baada ya hapo sauti iende inakotaka. Imefanya kazi wiki nzima. Mama wa Morogoro ameagiza tena kreti sita.

Sasa mrejesho wa kurekodi. Praat niliifungua kwenye kompyuta ya kijana mmoja wa steshenari. Mstari wangu kwenye "fi" ni kama kichuguu. Wa mke wangu ni kama mlima, unapanda halafu unakatika ghafla. Nimekubali, kwa Kiswahili mimi nilitoa taarifa.

Mama alinisumbua. Nikitoa simu tu anakaa wima, anaongea kama anasoma risala mbele ya mkuu wa wilaya. Nikaiacha simu juu ya kinu tukaendelea kuchambua mlenda. Baada ya dakika ishirini hivi akasahau, akaniuliza kwa Kigogo kama mbuzi wameshaingizwa. Nikaipata hiyo.

Jioni nikaenda Nkuhungu. Nikamwita mpwa, na mke wangu nikamketisha hapohapo kwenye mkeka. Wote wawili Kigogo hawakijui. Nikawachezea ile sentensi moja ya mama, nikawauliza: bibi hapo anauliza au anasema?

Mtoto hakufikiri hata. "Anauliza."

Umejuaje? "Si anauliza. Msikie."

Mke wangu akasema hapana, mama anasema, tena anasema kwa mkato. Akadai nirudie. Nimerudia mara tatu na sauti nimeipandisha mpaka mwisho. Mtoto anamtazama anti yake kwa huruma, na mke wangu kashikilia hapohapo: mama anasema.